Usiisugue Kutu ya Shina: Maswali Yenu Kuhusu Panga za Kale za Japani

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kazi niliyoifanya Tokyo kwa miaka 17: kupokea, kukagua na kutunza panga za kale katika chumba cha nyuma cha duka la vitu vya kale. Sikutarajia barua nyingi hivi. Karibu zote zimetoka kwa ndugu zetu wanaoishi Japani, na mbili zimeninyima usingizi kwa sababu zinataja msasa. Kwa hiyo safari hii ukurasa mzima nimeuachia panga.

Shikamoo Mama. Mimi nimeoa Gifu. Baba mkwe alifariki mwezi wa pili, na tulipokuwa tukisafisha ghala la nyumba ya zamani tulikuta upanga umeviringishwa kitambaa nyuma ya masanduku ya kimono. Ala yake imevishwa ngozi, ya kijeshi, na bapa lina madoa ya kutu. Mama mkwe anaogopa polisi, anataka tuutupe mtoni. Shemeji anasema tuusugue kwanza kwa msasa laini ili upendeze, ndipo tuuonyeshe watu. Tufanye nini?

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Mama asiutupe, na shemeji auweke msasa chini leo hii.

Kwanza tafuteni karatasi. Kila upanga unaomilikiwa kihalali Japani una cheti cha usajili kiitwacho torokusho, kinachotolewa na bodi ya elimu ya mkoa. Ni karatasi ndogo yenye namba, urefu wa bapa, kina cha mpindo wake, idadi ya matundu ya shina, na maandishi yaliyochongwa kama yapo. Wazee wengi walikiingiza ndani ya mfuko wa upanga, au walikiweka kwenye droo ya butsudani, ile madhabahu ya marehemu wa nyumba. Mkikipata, kazi imekwisha karibu yote: mnaiarifu bodi iliyokitoa, ndani ya siku 20, kwamba mmiliki amebadilika.

Msipokipata, pigeni simu kituo cha polisi cha eneo lenu, mseme mmekuta upanga ndani ya nyumba ya marehemu, na muulize muupeleke lini na kwa namna gani. Msianze kutembea nao barabarani kabla ya simu hiyo. Polisi watawaandikia hati ya ugunduzi, na kwa hati hiyo mtaupeleka kwenye ukaguzi wa bodi ya elimu. Ada ni yeni 6,300 kwa upanga mmoja. Mwambieni mama kwamba sheria hii ya mwaka 1958 ya silaha na panga haikuwekwa ili kumkamata mjane aliyekuta mali ya mumewe na kusema ukweli. Nimewapeleka kina mama wa aina yake kituoni mara nyingi, na kila mara askari aliwapa chai.

Sasa ile ngozi ya kijeshi. Hapo sina budi kukueleza wazi, kwa sababu sheria inaruhusu kusajiliwa upanga uliofuliwa kwa njia ya jadi tu. Uliotengenezwa kiwandani kwa mashine hausajiliwi, na hubaki polisi ukaharibiwa. Tazameni mpini. Kama ni wa metali iliyomiminwa kwenye kalibu, kisha ikapakwa rangi ili ifanane na mpini uliosukwa nyuzi, na bapa lina namba iliyogongwa, huo ni upanga wa askari wa ngazi ya chini wa muundo wa mwaka 1935. Huo hauwezi kuokolewa.

Lakini kama mpini umesukwa kwa utepe wa kweli juu ya ngozi ya taa, ile ngozi ya samaki yenye vinundu vyeupe, tulieni. Maofisa walinunua panga zao wenyewe, na wengi walichukua upanga wa babu wakauvisha ala ya jeshi. Nimewahi kufungua ala chakavu ya kijeshi, ngozi imechanika, na ndani yake likatoka bapa la Bizen, nchi ya kale ya wahunzi mashuhuri, la karne ya 15, jembamba, limepinda kwa upole kama mwezi mchanga. Hata hivyo ninyi mko Gifu, na mji wa Seki uko mkoa huohuo. Panga nyingi mno za vita zilitoka Seki, kwa hiyo jiandaeni kwa lolote.

Jibu liko kwenye nakago, yaani shina la upanga linaloingia ndani ya mpini. Mpini na shina vimeshikwa pamoja na kijiti kimoja cha mwanzi. Kijiti hicho ni chembamba upande mmoja, basi kisukumeni kutoka upande huo mwembamba kwa kipande cha shaba au mti mgumu. Shika mpini kwa mkono wa kushoto, bapa likiwa juu na limelala kidogo nyuma, kisha piga kiganja chako hichohicho cha kushoto, karibu na kifundo, kwa ngumi ya kulia. Shina litapanda lenyewe. Lisipopanda kwa mapigo machache, acheni. Wapo mafundi wa kulitoa.

Likitoka, msilifute. Kutu ya shina ndiyo umri wa upanga. Shina la miaka 500 lina kutu nzito, tulivu, ya rangi ya kahawia iliyokaribia weusi, na ukiligusa ni laini kama mbegu ya ukwaju iliyochezewa na watoto. Shina la wakati wa vita lina rangi ya kijivu yenye wekundu, na alama za tupa bado ni kali. Angalieni pia kama kuna chapa ndogo iliyogongwa, yenye herufi za Showa, jina la enzi ile, au za Seki. Chapa hiyo inamaanisha bapa la vita ambalo kwa kawaida halikufuliwa kwa jadi. Ukiipangusa kutu, umefuta kitu pekee ambacho hakuna mghushi aliyeweza kukiiga vizuri. Madoa ya juu ya bapa ni kazi ya mnoaji aliyesomea, na yanaweza kusubiri hata mwaka.

Mama, nilinunua katana kwa mnada, yeni 240,000. Ina torokusho halali, na kwenye torokusho imeandikwa wazi jina la Nagasone Kotetsu. Rafiki yangu anasema nimeokota dhahabu. Je, niuze au nisubiri bei ipande?

Ndugu yangu wa Osaka, nitakujibu kwa upole kwa sababu kosa hili nimeliona kwa watu wenye elimu kubwa. Torokusho si cheti cha uhalisi. Mkaguzi wa mkoa anaandika kinachosomeka kwenye shina. Shina likisema Kotetsu, naye anaandika Kotetsu. Hakuapa kwamba Kotetsu ndiye aliyechonga.

Kotetsu alikuwa mfua deraya wa Echizen aliyehamia Edo, Tokyo ya leo, akiwa mtu wa makamo na kugeukia panga. Alifariki mwaka 1678. Panga zake zilikata sana, na nyingine zina maandishi ya dhahabu kwenye shina yanayoeleza jaribio la kukata, na nani aliyekata. Jina likapanda bei angali hai, na waghushi hawakungoja azikwe. Kondo Isami, mkuu wa Shinsengumi, kikosi cha wapiganaji wa Kyoto wa karne ya 19, alisifika kwa kubeba Kotetsu, na mpaka leo wajuzi wengi wanaamini ilikuwa ya kughushi. Ikiwa mtu aliyeishi kwa upanga aliweza kuuziwa jina, mimi na wewe tujihadhari. Chumbani kwetu ukishaona moja ya majina matatu ya wahunzi mashuhuri, Kotetsu, Masamune au Muramasa, ulianza na dhana kwamba ni gimei, saini ya uongo, ukaliachia bapa kazi ya kukupinga. Masamune, kwa mfano, karibu hakutia saini kabisa. Saini yake nzuri, iliyonyooka, ndiyo inayotia shaka zaidi.

Bwana aliyenifunza alikuwa na desturi moja. Alifunga shina kwa kitambaa, akanipa bapa tupu, akasema: niambie ni la nani. Miezi sita ya mwanzo sikuruhusiwa kuona jina hata moja. Nilidhani ananinyima. Kumbe jina linaharibu macho: ukishalisoma unaanza kuyaona yale unayotaka kuyaona.

Basi fanya hivyo na wako. Zima taa za mrija, washa balbu moja yenye mwanga mkali wa kukusanyika, na uelekeze bapa kwake ukiligeuza polepole. Mhunzi wa jadi hupaka bapa udongo kabla ya kulitumbukiza majini, mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali. Makali hupoa ghafla na kuwa magumu, mgongo unabaki wenye subira. Mpaka kati ya feleji hizi mbili ndio hamoni, ule mstari mweupe kama wimbi. Hamoni ya kweli inaonekana na kupotea kadiri unavyogeuza. Ndani yake utaona ukungu laini, nioi, au chembe zinazometa moja moja kama mchanga ufukweni, nie. Hamoni iliyochorwa kwa asidi ni nyeupe ileile kutoka kila upande, na haina chembe hata moja. Kotetsu wa kweli wa miaka yake ya mwisho ana mawimbi ya mviringo yaliyopangana kama shanga za tasbihi, na chembe zinazong'aa kwa nguvu. Feleji juu ya mstari huo ni ya giza na safi, imebana.

Ukishaliona bapa, ndipo urudi kwenye jina. Chukua kioo cha kukuzia, uangalie chini ya kila mchoro. Mhunzi huchonga kwa tindo, pigo baada ya pigo, mkono wake ukiwa na mwendo kama wa mtu anayeandika jina lake mara elfu. Mghushi anachora. Anasita kwenye kona. Na kutu ndani ya mchoro inapaswa kuwa ileile ya nje yake. Ukiona ndani kuna wekundu mpya, au weusi uliopakwa, umeshajibiwa. Kwa Kotetsu kuna jambo jingine: namna yake ya kuandika herufi ya chui milia ilibadilika katika maisha yake, na michoro ya mashina yake imekusanywa na kulinganishwa kwa miaka mingi. Saini ya ujana kwenye bapa la uzee ni kosa ambalo waghushi wamelifanya mara nyingi.

Usiuze, na usimwamini rafiki, wala mimi. Upeleke kwa Nippon Bijutsu Token Hozon Kyokai, chama cha kuhifadhi panga za sanaa kilichoanzishwa mwaka 1948. Tangu 2018 makumbusho yao yako Sumida, Tokyo. Jopo lao hukaa na upanga wenyewe, si picha. Vyeti vyao vinaanzia Hozon, kisha Tokubetsu Hozon, halafu Juyo na Tokubetsu Juyo. Saini wakiiona ya uongo hawatatoa cheti. Kama upanga wako ulikuja na cheti cha mfumo wao wa zamani, wa kabla ya 1982, usikitegemee. Vile vya kijani hasa vimeumiza watu wengi.

Na ikiwa ni gimei? Usikimbilie kuifuta saini. Wauzaji watakushauri hivyo kwa sababu bapa lisilo na jina linaweza kupewa cheti. Nimeshika gimei za Kotetsu ambazo chini ya jina la uongo zilikuwa kazi nzuri ya kweli ya mhunzi mwingine wa Edo, mtu aliyefua vizuri na akaibiwa heshima yake na muuzaji. Mwache mtaalamu aamue kwanza ni kazi ya nani. Kinachofutwa hakirudi.

Upanga wangu una sentimita 54. Muuzaji anauita katana. Mwenzangu anasema si katana. Nani mkweli?

Mwenzako. Japani hupima kwa shaku, na shaku moja ni sentimita 30.3. Chini ya shaku moja ni tanto. Kuanzia shaku moja mpaka mbili ni wakizashi, na kuanzia mbili, yaani sentimita 60.6, ndiyo katana, au tachi ikiwa ni ule wa zamani uliotundikwa kiunoni makali yakitazama chini. Pima kwa mstari ulionyooka kutoka ncha mpaka mgongoni, kwenye kidaraja kidogo ambapo bapa linakutana na shina. Usifuate mpindo.

Lakini hesabu matundu ya shina kabla hujamgombeza muuzaji. Tachi nyingi za kale zilikatwa kutoka chini ili zifae kwa mtindo mpya wa kuvaa, na kila mara zilipokatwa zilitobolewa tundu jipya. Ukikuta matundu mawili au matatu, huenda unashika kipande cha kitu kirefu na kikongwe zaidi, ambacho saini yake ilikwenda na kipande kilichokatwa.

Bibi, nimeambiwa mafuta ya panga ni ya karafuu. Je, nitumie mafuta ya karafuu ya kawaida? Na niupangushe mara ngapi?

Choji kwa Kijapani ni karafuu, ni kweli, na nilipofungua chupa ya kwanza ya mafuta hayo Tokyo, harufu ilinirudisha jikoni kwa mama yangu mpaka macho yakajaa. Lakini chupa za leo ni mafuta ya madini yaliyosafishwa sana, karafuu imetiwa kidogo kwa harufu. Mafuta makali ya karafuu ya dawa au ya jikoni usiyatie kwenye bapa, wala mafuta ya kula ya aina yoyote. Hayo huganda na kuwa gundi.

Upanga ulionolewa zamani unatosha mara mbili au tatu kwa mwaka, na mimi huhakikisha mojawapo ni kabla ya mvua za tsuyu za mwezi wa sita. Ulionolewa karibuni hukamata kutu haraka, huo uangalie kila mwezi au miezi miwili kwa mwaka wa kwanza. Uchomoe makali yakitazama juu, mgongo ukiteleza ndani ya ala. Ondoa mafuta ya zamani kwa karatasi laini au kitambaa safi chenye alkoholi safi, kutoka chini kwenda ncha, kwa mwendo mmoja, kitambaa kikikumbatia mgongo. Chunguza chini ya taa. Kisha pakaa mafuta mapya, membamba kiasi kwamba huoni tone lolote.

Kuhusu kale kampira ka unga wa jiwe, uchiko, ambako kila seti ya matunzo inakuja nako: mimi nimeacha kukatumia, na ninajua nitapingwa. Unga huo husugua. Kwa mkono wa fundi hausumbui, ila kwa mkono wa mwenye upanga mmoja nyumbani, mwaka baada ya mwaka, unafunika feleji kwa mikwaruzo midogo mpaka hamoni inakuwa kama imetazamwa nyuma ya vumbi. Kuunoa tena ndiyo tiba, na kila kunoa kunakula feleji. Upanga unaweza kunolewa mara chache tu maishani mwake, kisha feleji laini ya ndani inatokeza.

Usiguse bapa kwa kidole na usizungumze ukiliinamia, mate yasije yakaliangukia. Mwaka wangu wa kwanza nilipokea simu huku wakizashi ya mteja iko wazi mkononi, na kidole gumba changu kikalala juu ya bapa kwa muda ambao hata sikuuhisi. Niliurudisha bila kuupangusa. Baada ya wiki mbili tulipoutoa, alama ya kidole ilikuwa pale, mistari yote, imechorwa kwa kutu. Mnoaji alisema hawezi kuondoa kidole bila kunoa upande mzima. Mteja alikubali radhi yangu. Mimi nilipiga goti mbele yake, na bado leo nikiona kidole cha mtu kinakaribia bapa mwili unanisisimka.

Uhifadhi ukiwa umelazwa, makali juu, katika shirasaya, ala nyeupe ya mti wa honoki isiyopakwa kitu. Ala ya mapambo iwekwe pembeni, ikiwa na bapa la mti ndani yake.

Ninarudi nyumbani baada ya masomo. Naweza kusafiri na upanga wangu?

Ndiyo, ukiomba mapema. Bunkacho, idara ya utamaduni ambayo makao yake yalihamia Kyoto mwaka 2023, hutoa cheti kwamba upanga wako si hazina ya taifa wala mali muhimu ya utamaduni. Ukitoka unarudisha torokusho, kwa hiyo piga picha zake zote kwanza. Mapambo yenye pembe ya ndovu au gamba la kasa yaondoe, yana sheria zake za kimataifa. Na uliza nchi unakokwenda kabla hujafunga sanduku.

Mama, nimechelewa kuandika. Upanga ni wa babu wa mume wangu, wa Okayama. Nilitaka kumfurahisha siku ya kuzaliwa kwake. Nimesugua shina lote kwa msasa na siki mpaka likang'aa kama kijiko. Jina lilikuwapo, sasa halisomeki vizuri. Yeye hajajua.

Mwanangu, nimeisoma barua yako mara tatu.

Usilipake chochote. Mtu atakuuzia dawa ya kurudisha weusi, au atakuambia ulizike kwenye udongo wenye chumvi. Hiyo ndiyo kazi ya waghushi, na upanga wa babu ukifanyiwa hivyo hautaaminiwa tena na mtu yeyote mwaminifu. Shina tupu linalosema ukweli ni bora kuliko hilo. Lifute kwa kitambaa kikavu, siki isibaki hata chembe, kisha lirudishe kwenye mpini wake. Litaanza kutu upya lenyewe, taratibu.

Mwambie mumeo leo. Kisha mtafute torokusho, kwa sababu aliyeusajili aliandika jina lilipokuwa bado linasomeka, na mwulizeni mjomba au shangazi kama kuna picha ya zamani au mchoro wa shina uliochukuliwa kwa wino. Huenda familia yenu ilikuwa nao, kwani Osafune ya Bizen, kitovu cha wahunzi kwa karne nyingi, iko mkoa huo.

Na bapa hujaligusa. Umeandika hivyo mwishoni, kwa herufi ndogo, kama jambo lisilo na uzito. Lina uzito kuliko yote. Kama babu alikuwa na Bizen ya kale, feleji yake itasema bila jina: ukilielekeza kwenye taa, juu ya hamoni unaweza kuona kivuli cheupe kinachoifuata kama ukungu juu ya mto, kiitwacho utsuri, na punje za feleji chini yake kama mti uliopasuliwa. Upelekeni kwa mnoaji, mkiwa wawili. Yeye aangalie shina, mwambieni lilivyotokea, kisha aligeuze bapa kwenye mwanga, nanyi mkae kimya mumsikilize.